Kufundisha Kiingereza kwa mashairi: tunavyofanya huku Ndama, Karagwe

Wiki hii sina habari ya siasa wala ya mpira. Kuna watu kama watatu wameniuliza kwa nyakati tofauti, hawa watoto ninaokaa nao jioni hapa Ndama nawafundisha kitu gani hasa, maana mtu akipita barabarani anasikia makofi, anasikia watu wanahesabu vidole na kupiga kelele kama kwaya inayojiandaa na Pasaka. Nikiwajibu kwamba ni Kiingereza wanacheka. Nikiongeza kwamba tunajifunza kwa mashairi wanacheka zaidi. Basi nimeona niandike kila kitu hapa mara moja, aliye na wadogo zake nyumbani achukue kitakachomfaa.

Kwanza niseme ukweli, mimi sio mwalimu. Nimeishia kidato cha nne na Kiingereza nilipata D. Na kwenye mtihani ule nilijibu swali la mashairi, nikajaza kurasa mbili nzima. Niliandika dhamira, niliandika tamathali za semi, nikasema mshairi ametumia takriri na tashibiha. Lakini mashairi yenyewe nilikuwa sijawahi kuyasoma hata mara moja! Shuleni kwetu kitabu kilikuwa kimoja, kinakaa ofisini, sisi tulinakili uchambuzi ubaoni tukaukariri. Shairi nililolichambua nililiona kwa macho yangu miaka mitatu baadaye, hapa Kayanga, kwenye kompyuta ya kafe. Nilikaa pale nikajiona mjinga. Lilikuwa fupi, Kiingereza chake chepesi kuliko cha uchambuzi niliokariri.

Tatizo hili sio la shule moja. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto akiingia kidato cha kwanza anageuziwa meza, masomo karibu yote yanakuwa kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari nazo zihamie kwenye Kiswahili, pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi nchi nzima wakakuta kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliokuwa na Kiingereza cha kuanzia kufundishwa kwa lugha hiyo. Fikiria, hao walikuwa wanamaliza! Baada ya hapo ukaja mradi wa Waingereza wa kusaidia Kiingereza mashuleni, vikaletwa vitabu vyepesi vya hadithi. Wengi wetu tunakikumbuka kile cha Mabala the Farmer cha Richard Mabala, na Hawa the Bus Driver. Sera ya elimu ya 2014 ikaja kuzitaja lugha zote mbili. Lakini mtoto wa Ndama akiripoti kidato cha kwanza, bailojia yake bado anaikuta kwa Kiingereza.

Huyo mtoto wa Ndama kwangu mimi ni mdogo wangu wa kike. Yuko kidato cha pili, ana miaka 15, na mwaka huu anafanya mtihani wa taifa ambao ukifeli unarudia darasa. Mwaka jana alisimama darasani akaulizwa baada ya shule huwa anafanya nini. Alitaka kusema anacheza netiboli na wenzake. Akasema "I pray netball with my friends". Darasa zima likaangua kicheko. Kuanzia siku ile akaitwa Mchungaji, na kuanzia siku ile hakunyoosha mkono tena, hata kwenye hesabu ambazo anaziweza. Na huku nyumbani kuna shangazi yetu Mwanza anatafuta msichana wa kumsaidia kazi za ndani. Kila akipiga simu anamuuliza mama, huyo shule anaiweza kweli? Sasa mnaelewa kwa nini nilianza.

Wanaojua Kinyambo watalielewa lile kosa haraka. Kwetu huku R na L hatuzitenganishi kama Waingereza wanavyozitenganisha. Kwa hiyo "play" na "pray", "glass" na "grass", "light" na "right", kwenye sikio la mtu wa hapa ni neno moja limevaa nguo mbili. Ukimwambia mtoto "sema L, sema L" unapoteza muda, kwa sababu hasikii anachokosea. Lazima kwanza sikio lifunguke. Na hapo ndipo mashairi yanapoingia, kwa sababu kitu cha kwanza ambacho shairi linakutaka ufanye ni kusikiliza.

ANZA NA MIZANI

Kitu ambacho watoto wetu wanacho tayari, na hakuna anayekitumia kwenye somo la Kiingereza, ni mizani. Mtoto wa shule ya msingi Tanzania amewahi kuhesabu mizani za shairi la Kiswahili kwa vidole, nane na nane, kituo. Anajua kwamba "mama" ni mizani mbili na "mtu" ni mbili. Chukua ujuzi huo huo uupeleke kwenye Kiingereza.

Nilianza na neno "strengths". Nikawaambia wahesabu mizani. Wa kwanza akasema sita: si-ti-re-ngi-thi-si. Mwingine akasema tano. Jibu ni moja. Herufi tisa, mizani moja! Hawakuamini mpaka nilipowasikilizisha kwenye simu, kamusi inayotamka. Halafu nikawapa neno "area", herufi nne. Wakasema labda moja, au mbili. Ni tatu. Jioni ile tulicheza mchezo huo mpaka giza likaingia.

Maana yake ni hii. Kiswahili kinapenda kila silabi iishie na irabu, ukiacha vitu kama ile m ya "mtu". Kinyambo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo tukikutana na konsonanti zimesongamana tunachomeka irabu katikati bila kujijua, "desk" inakuwa desiki, "milk" inakuwa miliki, "breakfast" inakuwa birekifasiti. Anayetusikiliza anachoka. Ukimwambia mtoto "unakosea matamshi" hajui akamate wapi. Ukimwambia "neno hili lina mizani mbili, wewe umeweka sita", anajua kabisa cha kufanya, atoe nne.

Dawa hii hii inatibu ugonjwa wa "-ed". Wengi wetu tunasoma "picked" kama pikedi na "asked" kama askedi. Hesabu mizani: "pick" moja, "picked" bado moja. "Ask" moja, "asked" moja. Lakini "want" moja, "wanted" mbili, kwa sababu kitenzi kinaishia na sauti ya T. Ya D nayo ni hivyo hivyo, "need" moja, "needed" mbili. Kanuni nzima ndiyo hiyo, na mimi kidato cha nne nilimaliza bila kuijua.

Baada ya wiki mbili tukaandika ubeti. Masharti yalikuwa mizani nane kila mstari na vina vya kupokezana. Nilianza mimi, wakamalizia wao, kila mmoja akivutia kwake:

My mother picks the coffee red,
She spreads it in the sun all day,
"Go read your book," is what she said,
And took the hoe from me away.

Msinicheke, najua sio Shakespeare. Ila ubeti huu ulizua ugomvi wa nusu saa, na ugomvi wenyewe ulikuwa somo. Mmoja alikataa katakata kwamba "red" na "said" vina vyake vinalingana. Kwake yeye "said" ni seidi, kama "paid". Tukafungua kamusi ya simu, ikasema "sed". Akakaa kimya. Neno hilo hatalikosea maisha yake yote, nawaambia. Mwingine akauliza kwa nini mama "picks" leo halafu "said" jana. Swali zuri, nikakubali kwamba nyakati zimechanganyika kwa sababu tulikuwa tunakimbizana na kina. Na ule mstari wa mwisho umepinda, mtu wa kawaida angesema "took the hoe away from me". Washairi wa Kiswahili nao wanapinda na kukata maneno kupata mizani, kule kukata tunaita inkisari. Nikawaonya: kwenye shairi ruksa, kwenye barua ya maombi ya kazi hapana.

VINA NA MDUNDO

Kina cha Kiswahili kinaonekana kwa macho. Silabi ya mwisho ni "-ka" na "-ka", imekwisha. Cha Kiingereza kinasikika kwa sikio tu, macho yatakudanganya. Angalia hizi herufi nne, "ough". "Though" inakwenda na "go". "Through" inakwenda na "blue". "Tough" inakwenda na "stuff", "cough" na "off", "plough" na "now". Kuna Mholanzi mmoja, Gerard Nolst Trenité, alichukizwa na mambo haya mpaka akatunga shairi refu liitwalo "The Chaos", lilitoka 1920, limejaa maneno yanayofanana kwa kuandikwa na kutofautiana kwa kutamkwa. Liko mtandaoni, litafuteni msikilize linavyosomwa. Msijaribu kulikariri. Mimi nilifurahi tu kujua kwamba hata Mzungu wa nchi jirani na Uingereza alipata shida kama yetu.

Mdundo ndio ulionipa kazi zaidi. Kwenye Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, na silabi zote zinapewa muda sawasawa. Kiingereza ni kama ngoma ambayo mpigaji anagonga silabi chache kwa nguvu na nyingine anazimeza. Jaribu hii. Piga makofi matatu ukisema "Boys cut grass". Halafu kwa makofi yale yale matatu, bila kupunguza mwendo, sema "The boys will be cutting the grass". Makofi yanaangukia "boys", "cut" na "grass". Vile vidogo, "the", "will", "be", vinapita kama mtu aliyechelewa misa. Mtoto akiweza hilo ataanza kusikiliza redio ya Kiingereza na kuelewa, kwa sababu alikuwa anashindwa kwa kutafuta maneno yaliyomezwa.

Hili nalo sikulibuni. Mmarekani Carolyn Graham, mwalimu wa Kiingereza kwa wageni ambaye pia alikuwa mpiga piano wa jazi, alitoa kitabu chake cha "Jazz Chants" mwaka 1978. Anachukua maneno ya kawaida ya mtaani, anayapa mdundo, darasa linaitikia. Huku kwetu hatuna piano, tuna meza na viganja. Inatosha.

SHAIRI LA ATIENO

Sasa nifike kwenye lile shairi nililolichambua bila kulisoma. Linaitwa "A Freedom Song", la Marjorie Oludhe Macgoye, mama aliyezaliwa Uingereza 1928, akaja Kenya miaka ya 50, akaolewa huko, akawa Mkenya mpaka alipofariki 2015. Limo kwenye Growing Up with Poetry, ile diwani ya shule iliyohaririwa na David Rubadiri, mshairi wa Malawi aliyefundisha Makerere na Nairobi. Diwani hiyo na ile ya Summons aliyoihariri Mabala ndizo zilizotumika kwenye sekondari zetu kwa miaka mingi.

Shairi linamhusu Atieno, binti mdogo anayefanya kazi nyumbani kwa mjomba wake bila mshahara kwa sababu eti ni mtoto wa ndugu. Shule haendi. Mwisho anakufa kwenye uzazi akiwa bado mdogo. Mimi kwenye mtihani niliandika "dhamira ni unyonyaji" nikapata alama yangu. Sasa angalia nilichokikosa. Mwanzo wa shairi unataja kazi za Atieno za kila siku, kwa hiyo vitenzi vinakuja na ile "s" ya mwisho, kimoja baada ya kingine. Hiyo "s" ndiyo inayotuangusha Watanzania wengi. Kiswahili kinaonyesha mtenda mbele ya kitenzi, a-na-fua, a-na-pika, basi tukishasema "she" tunaona kazi imeisha, tunasema "she wash, she cook". Ukisoma shairi lile kwa sauti mara kumi ulimi unazoea wenyewe. Mwalimu angetusomea tu, asingehitaji hata kuchambua.

Tulilisoma kwa kupokezana, nusu wanasema mistari, nusu wanaitikia jina. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya tatu kukawa kimya. Mdogo wangu aliangalia chini muda wote. Aliponiuliza kitu, aliniuliza kwa Kiswahili: "Kaka, huyu aliyemwandika, alimjua?" Nikasema sijui kama alimjua huyu mmoja, ila akina Atieno wapo wengi, hata Mwanza wapo. Hakusema neno. Jioni nilimkuta jikoni anamsomea mama, mama hajui Kiingereza hata kidogo, lakini alilielewa lile jina linalorudi rudi.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuandika juu ya mtu unayemjua, kila mstari uanze na "She" au "He" na kitenzi chenye "s". Mmoja aliandika kuhusu baba yake anayeendesha bodaboda Omurushaka. Mwingine aliandika kuhusu bibi yake, na alipokwama kwenye neno akaweka "ebitoke", ndizi za kupika. Akauliza kama ni kosa. Nikamwambia aache hivyo hivyo. Mshairi wa Marekani Kenneth Koch alipofundisha watoto kutunga mashairi kwenye shule moja ya msingi New York, na kitabu chake "Wishes, Lies, and Dreams" kikatoka 1970, aliwaruhusu waweke na maneno ya Kihispania, maana wengine ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Alikuwa pia anawapa mwanzo wa sentensi, wao wanamalizia. Mwanzo wa "I wish" tuliujaribu, na ule wa "I used to ... but now". Huo wa pili ni dhahabu. Mtu wa kidato cha pili anajua maana ya "used to" kwa kanuni ya daftarini, lakini hajawahi kuitumia kusema jambo lake mwenyewe.

Shuleni kwetu ukiongea Kiswahili au Kinyambo ulikuwa unavishwa kibao shingoni, unakipokeza kwa mwenzako utakayemkamata. Nilikivaa sana. Kilinifundisha kukaa kimya, basi.

KIVUGO

Kilichofanya kazi kuliko vyote kimetoka kwetu. Kwenye somo la Kiswahili mnasoma majigambo au vivugo, fasihi simulizi. Sisi wa Kagera hatuhitaji kitabu, tunaviona kwenye harusi. Mwanaume anasimama, anataja jina lake na ya ukoo wake, anataja aliyoyafanya, anaongeza chumvi, watu wanaitikia. Mkoa wetu una utajiri mkubwa wa mambo haya. M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake ya udaktari, 1986, juu ya tendi za nanga za Wahaya, zile zinazoimbwa kwa kupiga nanga.

Nikafikiria, kama aibu ndiyo inayowafunga midomo, kwa nini nisiwape utungo ambao aibu hairuhusiwi? Kivugo hakisemwi kwa sauti ya chini. Ukijivuna kwa kunong'ona umeharibu. Nikawapa kiunzi kimoja tu: "I am ... , I am the one who ..." halafu kitenzi cha wakati uliopita. Ndani ya kiunzi hicho kuna sarufi nzito, ile "who" ya kuunganisha sentensi, ambayo kwenye mtihani inakuja kwa sura za kutisha. Wenzake lazima waitikie kila mstari. Kosa la matamshi halisahihishwi mpaka mtu amalize, hiyo ni sheria.

Wavulana walianza, kama kawaida. Mmoja: "I am the one who carried water when the pump was dry." Mwingine alijisifu ameua nyoka, tunajua sote aliyemuua ni baba yake. Ikafika zamu ya mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kumruka asipotaka. Akasimama, akataja jina lake na la babu, halafu akasema kwa sauti ambayo sikuijua:

"I am the one who prayed netball and won the match!"

Walipiga kelele mpaka jirani akatoka nje. Na alisema "prayed" kwa makusudi, maana mstari uliofuata ulikuwa na "played" na ile L aliigonga sawasawa, ncha ya ulimi juu nyuma ya meno, kama tulivyofanya mazoezi kwa wiki nne.

TAFSIRI, NA MAONYO KIDOGO

Wenye kiwango cha juu kidogo, wa kidato cha tatu na nne, wanaweza kufanya tafsiri. Tuna bahati sana Tanzania hapo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka 1963, akairekebisha ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Shaaban Robert naye aliigeuza Rubaiyat kutoka Kiingereza cha FitzGerald, ikaitwa Omar Khayyam kwa Kiswahili, 1952. Chukua mistari michache ya Kiingereza na ile ya Kiswahili, ziweke pamoja, muulize mwanafunzi hapa Mwalimu ameacha nini, ameongeza nini, wewe ungesemaje. Huhitaji kumaliza kitabu. Mistari mitano ni jioni nzima.

Ila usianze na Shakespeare kwa mtoto wa kidato cha kwanza. Lugha yake ina miaka mia nne, mpangilio wa maneno umepinduliwa, na mtoto ataondoka na "thou" na "thee" akafikiri ndivyo watu wanavyosalimiana London. Anza na mashairi ya karibu, ya Afrika Mashariki, yenye sentensi fupi. Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, uliotoka kwa Kiingereza 1966, unafaa sana kwa vipande vidogo. Okot aliutunga kwanza kwa Kiacholi ndipo akaugeuza mwenyewe. Maneno ni mepesi na mke anayelalamika kila mtu anamwelewa.

Na tusidanganyane, mashairi peke yake hayatampitisha mtu mtihani. Mtihani una ufahamu, una barua, una kujaza nafasi. Mimi nagawa jioni tatu za wiki, mbili mashairi, moja mitihani ya nyuma. Jioni ya mashairi tunaanza kwa kusikiliza tu bila karatasi, mara mbili. Halafu makofi. Halafu ndio napita karatasi, tunasoma pamoja, wawili wawili, mmoja mmoja kwa anayetaka. Maneno magumu yasizidi sita, yakizidi shairi sio la kiwango chenu. Mwisho kila mtu anatunga mistari minne yake. Uchambuzi wa dhamira unakuja mwisho kabisa, na ukifika hapo unakuta wameshauelewa, unabaki kuwapa tu majina ya Kiingereza ya vitu walivyoviona. Kama huna matamshi mazuri, na mimi sina, usijione mnyonge, tumia simu. BBC Learning English ni bure na kamusi zinazotamka ni bure, ukipakua hapa kafe mara moja unasikilizisha kijiji kizima.

Kosa langu kubwa mwanzoni lilikuwa kusahihisha kila neno. Nilimpoteza kijana mmoja kwa njia hiyo, alikuja siku mbili hakurudi. Nimemfuata nyumbani, anasema ana kazi za shamba. Nafikiri ni mimi.

Mdogo wangu bado anachanganya "glass" na "grass". Juzi alinyoosha mkono darasani kusoma aya ya jiografia, akakosea neno hilo hilo, wakacheka wawili watatu, akarudia, akaendelea mpaka nukta ya mwisho. Kanisimulia kama mtu anayesimulia kitu cha kawaida. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Shangazi kapiga tena simu wiki iliyopita, mama kamwambia asubiri matokeo.

Growing Up with Poetry tunayo nakala moja, tunasoma watu sita, na kurasa za katikati zimeanza kutoka. Aliye nayo ya zamani ameiweka tu kabatini, hata kama haina jalada, tafadhali aseme hapo chini kwenye maoni, nitaifuata mwenyewe popote Karagwe au Kyerwa kwa baiskeli. Muda wangu wa kafe umebaki dakika nne.

Nawasilisha.